Kangaja wa buluu kwa tuktuk: maoni yangu juu ya muuza samaki wa mapambo hapa Mombasa

Nianze na alama, maana najua wengi wetu husoma mistari ya kwanza tukaenda zetu. Samaki: tano kwa tano. Kijana anayewazamia: tano, na chai ya tangawizi juu yake. Huduma ya kuletewa nyumbani: mbili, na hizo mbili ni za dereva wa tuktuk, si za aliyemtuma.

Jina la biashara silitaji. Mombasa ni ndogo, na mwenyewe tunasali msikiti mmoja. Ni moja ya zile sehemu zinazofunga samaki wa mapambo kwenye maboksi kuwapeleka Ulaya na Marekani. Wanaobaki, wale wadogo mno au wakubwa mno au waliochanika pezi, huuziwa sisi wa hapa kwa simu. Unatumiwa picha, unalipa kwa simu, unaletewa mlangoni. Kwa kuku wa kupaka utaratibu huo ni mzuri. Kwa samaki hai kama kangaja wa buluu, ngoja nikueleze yaliyonipata.

Kangaja tunaowazoea sokoni ni wale weusiweusi wa kukaanga. Huyu ni wa ukoo huohuo ila ameenda harusini. Mwili buluu iliyopauka, kama kanga iliyofuliwa mara tatu nne. Uso mweusi kama aliyevaa barakoa. Kidevu cheupe pe. Pezi la mgongoni manjano ya embe bivu, na penye kiungo cha mkia, kila upande, ana wembe uliolala ndani ya ala yake. Wataalamu wanamwita Acanthurus leucosternon, jina alilopewa mwaka 1833, na hilo neno la pili ni la Kiyunani, maana yake kifua cheupe. Ni wa Bahari ya Hindi hii yetu, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi kule Andaman na Indonesia. Ughaibuni humnunui bila kuvunja kibubu. Mimi wa kwanza nilimpata kwa shilingi 3,800, na tuktuk 400.

Uzuri wake ndio unaowaponza watu, kwa sababu si samaki wa kuanzia. Kwao ni penye mawimbi, kwenye maji mepesi yenye hewa tele, na kutwa kucha hatulii: anaogelea, anaguguna mwani kwenye mawe, anaogelea tena. Ukimweka kwenye tangi la futi tatu ni kama kumfungia mbuzi jikoni. Tena ana hasira. Kangaja mwenzake hamtaki, na hata samaki wa ukoo mwingine mwenye umbo kama lake humfukuza mpaka amchoshe. Akipata msukosuko kidogo tu, ngozi inatoka vidoa vyeupe. Hilo la vidoa ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Mimi ni fundi wa friji na AC, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Tangi langu lina futi sita kwa mbili kwa mbili, kioo cha milimita 12, nililitengenezewa na fundi wa vioo wa Majengo ambaye hajawahi kufuga hata kuku. Likijaa kisawasawa ni lita kama 680, lakini ukitoa mawe na mchanga hubaki kama 550. Liko sebuleni, nyumba ya chini, kwa sababu uzito wake unapita nusu tani na mwenye nyumba ya juu ana watoto. Mama watoto aliniambia siku ya kwanza kwamba likipasuka yeye anahamia kwao na mazulia yake. Halijapasuka. Matumbawe hai sifugi. Nina mawe, mchanga, kaa wadogo, konokono na kamba wachache wa kusafisha.

Maji nachota mwenyewe baharini, madumu matatu ya lita 20 kila juma. Hapa ndipo sisi wa pwani tunapowashinda wafugaji wa Ulaya, ambao hununua chumvi ya gunia na kuikoroga. Lakini usichote tu popote. Kwenye hori za Tudor au Mtwapa wakati wa masika, mvua imeingia, chumvi imeshuka na taka zimeteremka. Mimi huenda ufuo wa wazi maji yakiwa yamejaa, bamvua, yale yanayotoka nje ya mwamba. Kipima chumvi kikisoma 1.025 najaza, kikisoma 1.020 narudi nyumbani na madumu matupu na aibu yangu.

Upungufu wa maji yanayokauka ni habari nyingine, na hapo niliwahi kufanya ujinga unaostahili fundi. Februari na Machi sebule yangu huwa tanuri, maji yakapanda mpaka digrii 31. Nikaweka feni mbili ndogo zipulize juu ya maji, na yakashuka hadi 28; kuyapoza maji kwa kuyakausha naijua vizuri, ndiyo kazi yangu. Lakini kinachokauka ni maji matamu, chumvi inabaki, kwa hiyo unajaliza kwa maji matamu. Maji ya bomba letu nilikuwa siyaamini. Nikasema, kwani maji ya AC si masafi? Watu huyatia kwenye pasi na betri za gari. Nikayakinga kwa ndoo, nikayatia. Kamba walikufa wote ndani ya siku nne, konokono wakaanguka chali. Maji ya AC hutiririka juu ya koili ya shaba, na shaba kwa viumbe wasio na uti wa mgongo ni sumu hata ikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Miaka yote nachomelea bomba za shaba, halafu nikawalisha kamba shaba. Siku hizi nanunua maji yaliyochujwa, madumu ya buluu, na kabla ya kuyatia nayapima.

Basi, kangaja wa kwanza. Ilikuwa Ijumaa ya Februari, kaskazi bado inavuma, bahari shwari, na kwa simu nikatumiwa picha ambayo hata mama watoto aliisifu. Nikauliza kama anakula: "Yuwala?" Nikajibiwa, "Yuwala sana, fundi." Nikalipa.

Tuktuk ikafika saa kumi na nusu. Dereva, Mungu ampe, alikuwa amebeba boksi mapajani na mkono mmoja chini yake, kwa sababu mfuko ulikuwa unavuja. Kangaja alikuwa amekunjua wembe na kutoboa plastiki, nao walikuwa wametia mfuko mmoja tu. Dereva hakusimama hata kunywa maji. Tulipofungua boksi yalikuwa yamebaki maji ya kufunika mgongo tu, na samaki amelala ubavu, rangi ya buluu imekuwa kijivu, mapezi ameyabana kama mtu aliyejikunyata kwa baridi, na mashavu yanapiga haraka kuliko niwezavyo kuhesabu. Nilimtoa kwa bakuli. Kwa wavu usijaribu, wembe hunasa kwenye nyuzi na akijirusha atajichana au akuchane. Nikamzoesha maji kwa mpira mwembamba, tone tone, kama saa nzima, nikamwacha tangini, nikazima taa.

Nilichokosea mimi ni kumwingiza moja kwa moja kwenye tangi kubwa. Nakubali. Lakini katika maneno yote ya simu hakuna aliyeniambia "mtenge kwanza", na kwenye ujumbe wao wa maelekezo, ambao ni mrefu na una emoji za pomboo, hilo neno halimo.

Jumatatu niliona kwenye pezi la kifuani chembe tano nyeupe, kama mtu aliyemwagiwa chumvi ya mezani kidogo. Nikapiga simu. "Ni uchovu wa safari, atapona mwenyewe." Jumatano chembe hazipo! Rangi imerudi, anaguguna mawe, binti yangu amemwandikia shairi. Nikampigia mwenye biashara kumshukuru. Naye akasema, "Si nilikwambia?"

Sasa nasimama kidogo hapa, kwa sababu Jumatano ile ndiyo inayowaua kangaja wengi. Vile vidoa ni mdudu mdogo mno, Cryptocaryon irritans. Anajichimbia chini ya ngozi ya samaki, anamla kwa siku chache, tatu hadi saba hivi, kisha anajitoa mwenyewe na kudondoka. Wewe unaona samaki msafi, unafurahi. Kumbe mdudu yuko mchangani, amejifunga ndani ya ganda, anajigawa. Baada ya siku kadhaa, na wakati mwingine baada ya majuma kadhaa, ganda linapasuka na kutoa vitoto mamia, navyo vinatafuta samaki wa kumpanda. Baharini vitoto hivyo hupotelea kwenye maji yasiyo na mwisho, ndiyo maana samaki wa mwambani hawafi ovyo. Kwenye futi sita hakuna pa kupotelea. Na hufanya kazi gizani, usiku wa manane hadi alfajiri, yule kangaja akiwa amelala ndani ya tundu moja lilelile la kila siku, palepale walipodondokea.

Jumanne iliyofuata, saa tano usiku, niliwasha tochi. Alikuwa kama amepakwa unga wa mhogo. Macho yenyewe yalikuwa na chembe. Alikuwa akijikwaruza ubavuni kwenye jiwe, anazunguka, anajikwaruza tena, na kila akipita mbele ya pampu alisimama pale penye mkondo mkali akifungua mdomo kutafuta hewa, kwa sababu wadudu walikuwa wameshajaa kwenye matamvua. Alhamisi alfajiri alikuwa amekufa. Jumapili akamfuata samaki wangu mwingine, kitatange, niliyekuwa naye mwaka na nusu.

Nilipopiga simu kuomba angalau nusu ya pesa, nikakumbushwa dhamana: samaki akifa ndani ya saa 24 unarudishiwa fedha, baada ya hapo ni juu yako. Wangu alikufa siku ya kumi na tatu. "Na samaki ni roho, fundi," akaniambia. Ni kweli ni roho. Kompresa si roho, na mimi nikikufungia nakupa miezi mitatu. Dhamana ya saa 24 kwa ugonjwa unaochukua siku kumi kujionyesha ni sawa na kukukopesha mwavuli na kuudai mvua ikianza. Hapa ndipo nyota tatu zilipodondoka.

Walibaki samaki wawili, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, binti yangu huwaita mapacha. Nikawatoa, nikawaweka kwenye tangi dogo la lita 100, na lile kubwa nikaliacha bila samaki hata mmoja siku 76. Mdudu asipopata samaki hufa njaa. Kaa na konokono hawamfai, kwa hiyo wao walibaki. Wageni wakija nyumbani walikuwa wanaangalia mawe. Shemeji yangu aliniuliza kama sasa nafuga mchanga.

Kwenye lile dogo ndipo shaba ikarudi maishani mwangu, safari hii kama dawa. Inaua vile vitoto vinavyoogelea, kabla havijapanda. Mpwa wangu aliye Dubai alinitumia chupa ya dawa ya shaba na kipimo cha mfukoni cha Hanna, kile kinachopima shaba kwa mwanga, na kipimo hicho nakisifu bila kulipwa. Kiwango kinachotakiwa kwa dawa niliyotumia ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Chini ya hapo mdudu anacheka, juu ya hapo samaki anaumia. Kwa lita 100 hesabu inakuja miligramu 20 za shaba, uzito wa punje moja ya mchele. Vumbi linalobaki kwenye suruali yangu nikikata bomba la AC linazidi hapo. Mawe na mchanga havitakiwi mle, hunyonya shaba ukabaki unajidanganya. Maficho ni vipande vya bomba la plastiki tu. Nilipima asubuhi na jioni, siku thelathini. Mapacha wakapona wote wawili.

Siku 76 zilipoisha, kusi ilikuwa imeshaingia. Hapa niwape haki yao: nilipouliza kangaja mwezi wa sita, waliniambia wazi kwamba hawana na hawatakuwa naye hivi karibuni, kwa sababu bahari imechafuka, maji yana tope na wazamiaji hawaoni mkono wao. Kuna muuzaji mwingine ambaye mwezi huohuo alikuwa na kila kitu kwenye picha. Hao niliwakimbia. Nikasubiri mpaka Novemba.

Safari hii nilikwenda mwenyewe, Jumamosi saa mbili asubuhi. Banda refu la mabati, upepo unapita, sakafu imelowa, na safu za matangi yanayolishwa maji ya bahari kwa pampu moja kubwa inayolia kama inayotaka grisi (niliitia, bure). Kangaja kila mmoja ana chumba chake, la sivyo wangechanana. Usafi mzuri. Harufu ya bahari tu, si ya uozo, na hilo kwa mtu aliyezoea kufungua friji za wauza samaki ni jambo kubwa.

Mwenye biashara hakuwepo. Alikuwepo yule kijana mzamiaji, mtu wa Kwale, mikono imejaa makovu madogo. Nikamwambia nataka kangaja wa buluu, nikaonyesha yule mkubwa wa kwenye picha niliyotumiwa. Akatazama nyuma kwanza, kisha akasema, "Mzee, huyo tumemleta jana. Mwache. Chukua huyu mdogo, ana siku tisa hapa."

Nikamwuliza amejuaje. Akachukua jiwe dogo lenye mwani wa kijani ule mwembamba kama karatasi, akalitia kwenye chumba cha mdogo. Kangaja akalisogelea kwa ubavu, akalizunguka mara mbili, akang'ata, akatema, akang'ata tena, na safari hii hakutema. Yule mkubwa alipopewa lake alijibanza pembeni. Kijana akanionyesha pa kutazama, akiweka kidole kwenye kioo: tumbo lisiwe limeingia ndani, nyama ya mgongoni nyuma ya kichwa iwe imejaa isiwe na ukingo mkali, jicho liwe safi, na ukihesabu pumzi uweze kuzihesabu. Wa kwangu wa Februari nisingeweza.

Tukaongea kama nusu saa. Aliniambia wanawatoa upande wa Shimoni, nje ya mipaka ya hifadhi ya Kisite, maana ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Kangaja hawa hawako chini sana, pima tatu nne tu. Wawili hutandaza wavu wa kuzuia kando ya jiwe, mmoja anamswaga taratibu, mwingine anamdaka kwa wavu wa mkono. Taabu ni kumtoa wavuni. Makovu yake mengi ni ya wembe wa kangaja. Kisha safari ya mashua, kisha ya gari, kisha banda. "Akifika hapa ameshachoka mara tatu," akasema. "Ukimchukua siku ya kwanza unampa uchovu wa nne."

Maneno hayo, na ile "ana siku tisa hapa", ndiyo niliyoyalipia. Samaki nilimlipa 4,200, bei ilikuwa imepanda. Kwenye simu hakuna anayekwambia siku. Mwenye biashara ana vitabu vya hesabu, kijana ana kumbukumbu, na mteja wa kuletewa nyumbani anaongea na mwenye vitabu.

Huyu nikambeba kwenye ndoo yenye kifuniko, nikampeleka moja kwa moja kwenye tangi dogo. Siku tano za mwanzo sikutia dawa, nilitaka ale kwanza. Nikampa mwani wa kulimwa ambao jamaa yangu wa Kibuyuni alinipa, ule wanaouuza kwa kilo. Akauonja, akautema, akanitazama. Akapewa ule wa kijani wa mawe ya ufuoni, akala mpaka akapitiwa na usingizi. Kisha nikaanza shaba, polepole, nikiipandisha kwa siku nne mpaka 0.20, kwa sababu kangaja shaba huwalemea kuliko wale mapacha. Siku mbili aligoma kula na mimi nikagoma pamoja naye. Siku ya tatu akala. Kuna wanaokwambia kitunguu saumu kinatibu vidoa; mimi nilimpakia kwenye mwani na kilichonuka ni sebule tu.

Siku ya kumhamishia kwenye tangi kubwa nilisahau niliyoyasema juu ya wembe. Alikuwa amejibanza ndani ya bomba, nikatia mkono kumtoa. Mkia ukapiga mara moja, nikahisi kama nimeguswa na uzi wa moto, na maji yakawa mekundu kidogo. Hakukuwa na maumivu makubwa, ila kovu ninalo kwenye dole gumba, na kijana wa Kwale nilipomwonyesha alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa ana miezi kumi na nne kwangu. Ameongezeka urefu wa kidole gumba hicho hicho. Tangi ni lake, mapacha ni wapangaji. Asubuhi taa ikiwaka hupita mbele ya kioo chote cha futi sita mara tatu bila kusimama, kama askari anayekagua gwaride, halafu ndipo anataka mwani wake. Usiku hubadilika rangi akawa na mabaka, amejisokomeza kwenye tundu; usiku wa kwanza binti yangu alikuja kuniamsha akilia kwamba anakufa. Alikuwa amelala. Stima ikipotea nina pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, kwa sababu samaki huyu hewa ikipungua ndiye wa kwanza kulalamika. Mwezi uliopita ilipotea saa nne usiku ikarudi saa tisa, na mimi nilikaa naye sebuleni, feni ya mkono kwa ajili yangu, pampu kwa ajili yake.

Gharama nitaje, kwani watu huuliza bei ya samaki tu. Samaki wawili na usafiri 8,400. Tangi dogo, pampu yake, dawa na kipimo, nikikadiria vya Dubai kwa bei ya hapa, ni kama 19,000. Kwa hiyo kumtenga samaki kumenigharimu zaidi ya mara mbili ya samaki wenyewe, na ningefanya hivyo tangu Februari ile kitatange wangu angekuwepo.

Nimewaambia wale wenyewe mambo haya, uso kwa uso, baada ya sala. Mwenye biashara alisikiliza. Kwa wateja wa simu sasa anasema samaki ameingia lini, nimejaribu mwenyewe kwa namba ya shemeji na nikajibiwa sawasawa. Dhamana bado ni ya saa 24. Emoji za pomboo bado zipo na neno "mtenge" bado halipo.

Je, ningenunua kwao tena? Nimeshanunua, kamba wanne mwezi jana, wazima kabisa. Ila nakwenda mwenyewe. Ijumaa hufunga saa sita hadi saa nane, Jumapili hufungua asubuhi tu. Muulize kijana, tena wakati mwenye biashara hayupo. Mwombe akupe tarehe, kisha mwombe amlishe samaki mbele yako, na kama atakwambia ameshashiba, rudi kesho. Na nenda na ndoo yako, ya plastiki ngumu, yenye kifuniko. Mifuko yao bado ni ile myembamba.